Mlenga shabaha anapima risasi, sisi hata mpira hatupimi

Wadau wa soka mtanivumilia, leo naanza na bunduki.

Olimpiki kuna mchezo wa kulenga shabaha mita 50, kwa bunduki ndogo ya risasi za .22. Duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4 tu, sawa na kifungo cha shati. Sasa sikia wenzetu wanavyojiandaa. Bunduki inabanwa kwenye jiliwa isitikisike, zinapigwa risasi kumi za boksi hili, kumi za boksi lile. Kampuni moja, jina moja, ila zimetengenezwa siku tofauti. Boksi ambalo matundu yake yamekaa karibu zaidi ndilo linalochukuliwa, na mchezaji ananunua za mzigo huohuo za kumtosha msimu.

Njoo kwetu. Mwezi uliopita nilikuwa mazoezini kwa timu moja ya ligi. Mipira sita, ya kampuni tatu. Mmoja umechubuka, mwingine mlegevu kama andazi la jana. Kocha msaidizi akaubonyeza kwa dole gumba, akasema, "Huu poa." Huo ndio uliokuwa upimaji wetu.

Sheria za soka zinataka mpira uwe na upepo wa 0.6 hadi 1.1, yaani unaoruhusiwa juu unakaribia mara mbili ya ule wa chini. Mipira miwili inaweza kuwa halali yote na bado isiruke sawa. Kijana anapiga frii kiki wiki nzima kwa mpira laini, Jumamosi anawekewa mgumu mpya, unapaa juu ya mwamba. Jukwaani tunamtukana hadi mama yake.

Sisemi vipimo ni kila kitu. Athens 2004, Mmarekani Matthew Emmons alikuwa anaongoza, risasi ya mwisho akaipiga kwenye shabaha ya jirani. Akaishia nafasi ya nane. Lakini pale kila mtu alijua kosa ni la nani. Kijana wetu akikosa, tunajuaje kama ni mguu wake au ni mpira?

Msiniambie hela hakuna. Klabu inayosajili straika kwa mamilioni haishindwi kununua kipimo cha upepo na mipira kumi ya aina inayotumika kwenye ligi. Mpeni kwanza huyo kijana mpira sahihi. Akipaisha tena, hapo tumzomee kwa haki.