Mali Bila Daftari: Makala ya Mtandaoni Yahitaji Utaratibu

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akitamka kwamba anataka kuandika ili apate riziki, wapo watakaomkunjia uso. Husemwa kuwa sanaa na sarafu hazikai chungu kimoja. Waama, mtazamo huu umetugharimu. Tangu nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, vijana wengi wasomi wa Kenya wamejipatia kipato kwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha zilizowasilishwa kwa majina ya wanunuzi. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu na malipo, lakini ilimwacha mwandishi bila jina. Mwaka 2022 biashara hiyo iliharamishwa kisheria nchini Uingereza, katika eneo la England. Na Novemba mwaka uo huo ikazuka ChatGPT, programu inayoandika insha za aina hiyo kwa muda mfupi mno.

Rai yangu ni kwamba tuuchukue utaratibu na kuuacha utumwa. Utaratibu si adui wa sanaa. Mtunzi wa utenzi hushika mizani nane katika kila mshororo, na msusi wa kiondo huku Ukambani huanzia kitako akizunguka hadi ukingoni. Njia ni ile ile. Nakshi ndiyo hubadilika.

Tutwae mfano wa ndengu, zao linalofahamika vyema kwetu Nuu na Kitui kwa jumla. Hatua ya kwanza ni kulisikiliza swali. Mkulima haulizi "umuhimu wa kilimo". Huuliza apande mbegu ya KS20 au N26, na apande lini. Pili, jibu litafutwe kwa wajuao: afisa wa kilimo, muuza mbegu, na ajuza aliyelima bonde lile lile maisha yake yote. Tatu, pawe na kiunzi kimoja: kichwa kibebe maneno ya muulizaji, jibu likae katika aya ya kwanza, kisha zifuate sababu na mfano. Nne, makala yalazwe usiku mmoja kabla ya kuhaririwa.

Tano ni kalenda. Kwa kuwa mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani, makala ya upanzi sharti yatoke Septemba. Ndengu hukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu. Basi ya uhifadhi na bei yatoke mwanzoni mwa mwaka. Msimu ujao makala hayo hayo hurejewa, yakasahihishwa na kuongezwa mapya. Hapo ndipo kazi ya mara moja huanza kulipa mara nyingi.

Nani atakayelipa? Asitegemee matangazo ya mtandaoni pekee. Muuza mbegu, mnunuzi wa nafaka na chama cha ushirika wote wana haja ya kumfikia msomaji huyo huyo. Ila mwandishi aseme waziwazi ni nani aliyemlipa, kwani mkulima akidanganywa msimu mmoja hatarudi kusoma.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Ziandikwe saa zilizotumika, gharama, mapato, na hata kodi ya asilimia 5 iliyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 juu ya malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi wa Kenya. Asiyehesabu saa zake hawezi kujua kama makala yalimlipa kuliko kibarua cha shambani.

Wapo watakaodai kuwa makala yatafanana kama matofali. Yatafanana iwapo mwandishi atanakili maneno badala ya kiunzi.

Wahadhiri wetu hutufunza kuhakiki riwaya, na tunawashukuru. Tunaomba pia watufunze kuandika makala yatakayosomwa na mkulima wa Nuu, yenye jina la mwandishi wake juu, na ujira wake mfukoni.