Indiketa Zinazokimbia

Jumamosi moja alasiri, Sajini mmoja aliyekaa katika nyumba za kambi karibu na Kampala alikuwa ameinama mbele ya Toyota yake kuukuu, iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kumfikia yeye, akibadilisha balbu za indiketa. Alizitoa balbu nne za kawaida, zile zenye uzi mwembamba wa chuma ndani, akatia mahali pake balbu za LED alizozinunua mjini. Alipojaribu indiketa ya kulia, taa zilitoa rangi ya machungwa iliyokolea, ya kupendeza kabisa. Lakini hazikuwaka na kuzimika kwa utaratibu. Zilikwenda mbio kama moyo wa mtu aliyeshtuka. Watoto walijaribu kuzifuatisha kwa makofi, wakashindwa, wakacheka.

“Baba watoto,” mkewe aliuliza kutoka mlangoni, “gari hilo linamwita nani kwa haraka hivyo?”

Sajini alidhani ameuziwa balbu mbovu. Hazikuwa mbovu. Jambo hilo huwapata wengi wanaotia LED katika indiketa, na sababu yake si ngumu kueleweka. Ndani ya gari, mara nyingi chini ya dashibodi au katika sanduku la fyuzi, kimo kifaa kidogo kiitwacho flasha. Ndicho kinachokata na kuunganisha umeme, na ndicho kinachosikika kikigonga taratibu dereva anapotaka kukata kona. Balbu ya kawaida ya indiketa hula wati 21. Ya mbele na ya nyuma pamoja hula wati 42, yaani ampea 3.5 katika umeme wa volti 12. Balbu moja ikiungua, umeme unaopita hupungua nusu, na flasha huongeza mwendo makusudi ili dereva asikie na kutambua kwamba taa moja imekufa. Balbu ya LED hula wati chache tu. Flasha haina macho ya kuona kwamba taa zinawaka. Hupima umeme uliopungua, huamini kwamba balbu zimeungua, na hupiga mbio kutoa habari. Flasha za kale zaidi, zilizotegemea utepe wa chuma unaopashwa moto na umeme, mara nyingi hufanya kinyume: utepe haupati moto wa kutosha, na taa hubaki inawaka tu bila kupepesa.

Kanuni za kimataifa za magari hutaka indiketa ipepese mara 60 hadi 120 kwa dakika. Mwenye saa ya mkononi na ahesabu kwa sekunde 15. Akipata zaidi ya 30, mwendo umezidi. Lakini kabla hajalaumu LED ni vyema azunguke gari lote na kuhakikisha kwamba taa zote zinawaka kweli. Balbu ya LED iliyotiwa kinyume huenda isiwake kabisa, kwa kuwa nyingi zina upande wa chanya na upande wa hasi. Kutu ndani ya holda, au waya wa athi uliolegea, huleta kasoro ile ile.

Sajini alimpeleka gari kijana mmoja wa kando ya barabara, naye akamfungia rezista nne, moja kwa kila balbu. Rezista ni kipande kidogo kinachounganishwa sambamba na balbu ili kile umeme ambao LED haiutaki, flasha ipate kiasi ilichokizoea. Zinazouzwa kwa kazi hii aghalabu ni za omu 6 na wati 50. Mwendo ulirudi ukawa wa kawaida, Sajini akalipa, akaondoka ameridhika. Hakuangalia kijana alikozifunga.

Wiki ile familia ilikwenda Masaka kumwona bibi. Katikati ya safari gurudumu lilipata pancha. Sajini aliwasha indiketa zote nne za tahadhari, akachukua jeki. Kokwa moja ilikuwa imekaza, na kazi ikachukua karibu nusu saa. Mkewe alikuwa amekaa nyuma na mtoto mchanga.

“Baba watoto, kuna kitu kinaungua humu.”

Walipofungua buti, moshi ulitoka pembeni. Rezista mbili za nyuma zilikuwa zimefungwa kwa utepe wa plastiki juu ya zulia la buti. Zulia lilikuwa limeyeyuka, na nyaya zilizopita hapo zilikuwa zimeanza kuvuja gundi. Dumu la mafuta ya taa waliyompelekea bibi lilisimama hatua moja tu kutoka hapo.

Koplo wa karakana ya kambi alipoziona rezista zile alitikisa kichwa. “Afande, hizi si dawa. Hizi ni majiko.” Wala hakuwa akitia chumvi. Rezista ya omu 6 katika volti 12 hula wati 24, nazo zote hugeuka kuwa joto. Injini ikiunguruma na umeme kupanda hadi volti 14, hufika karibu wati 33. Huo ndio umeme ule ule ambao mwenye gari alidhani ameuokoa kwa kununua LED. Rezista haina budi kukazwa kwa skrubu juu ya bati la gari, mahali penye hewa, mbali na plastiki, nguo na nyaya. Kuifunga kwa utepe ni kualika moto. Na yeyote asithubutu kuhamisha rezista hizo katika malori yenye umeme wa volti 24: huko ile ile ya omu 6 hula wati 96, karibu mara mbili ya kipimo chake.

Koplo alizitoa zote nne, akabadilisha flasha yenyewe kwa ile ya elektroniki iliyotengenezwa kwa LED, ambayo hupiga kwa mwendo mmoja tu hata umeme ukiwa mdogo. Alisoma kwanza alama kwenye miguu yake mitatu: B ya betri, L ya taa, E ya athi. Flasha mpya huweza kuingia vizuri katika tundu huku mpangilio wa miguu ukiwa tofauti, na hapo fyuzi ndiyo hulipa. Kazi ilikwisha kwa dakika kumi. Hii ndiyo njia bora kwa gari la umri ule. Magari mengi mapya hayana flasha ya kubadilisha, kwa sababu kompyuta ya gari ndiyo inayopepesa taa. Kwa hayo hubaki rezista iliyofungwa kwa adabu, au kurudisha balbu za zamani, jambo ambalo si aibu hata kidogo. Indiketa huwaka kwa dakika chache katika safari nzima.

“Lakini Afande,” Koplo alisema akifuta mikono, “sasa mjumbe wako umemnyamazisha. Balbu ikifa, gari halitakwambia.”

Sajini aliitikia, akasahau. Mwezi haukwisha. Akikata kulia kuingia njia ya kambi, aliwasha indiketa, akaisikia ikigonga kwa utulivu, taa ya dashibodi nayo ikapepesa kama kawaida. Lori lililomfuata likatoka kumpita upande ule ule wa kulia, likapiga honi ndefu, likapita limebakisha upana wa kiganja. Balbu ya nyuma ilikuwa imekufa, pengine kwa siku nyingi.

Tangu siku ile gari halitoki kabla mtoto wa pili, mwenye miaka saba, hajasimama nyuma yake mikono mgongoni kama mlinzi wa lango.

“Kushoto inawaka!” hupiga kelele. “Kulia inawaka! Breki, Baba, sijaiona breki!”

Na Sajini hukanyaga tena.