Vipimo vya Saratani: Somo Tulilolipata Kitui



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii tunawaomba mpande nasi bara hadi Kitui. Wengi wenu mna jamaa huko. Tangu zama za misafara, Wakamba walipokuwa wakiteremsha pembe hadi Mombasa na wafanyabiashara wa pwani wakipanda kuzifuata, njia hiyo haijakatika, wala ujamaa uliozaliwa juu yake haujakatika. Nasi tunaye shangazi yetu aliyeolewa huko miaka arubaini iliyopita, na ni kwa idhini yake tunayaandika haya.

Mwaka juzi shangazi alianza kutokwa na damu ilhali hedhi ilikwisha kumkatikia siku nyingi. Alinyamaza miezi mitano kwa haya. Alipokwenda hospitali, daktari alimkata kipande kidogo cha nyama katika mlango wa kizazi, akakitia katika kichupa chenye dawa, akamwambia kuwa kitapelekwa Nairobi na kwamba majibu yatarudi baada ya wiki mbili. Zilipita wiki tisa. Kila alipopiga simu aliambiwa avute subira. Mwishowe mwanawe alikwenda mwenyewe, akakikuta kichupa kingali rafuni. Gharama ya kukisafirisha na kukipima haikuwa imelipwa, na hakuna aliyekuwa amewaeleza kuwa wao ndio wa kulipa. Shangazi alipopata habari alituuliza swali ambalo hatujalisahau: "Kumbe nyama yangu nayo ilitaka nauli yake?"

Alhamdulillahi, yu hai na amemaliza mionzi. Lakini daktari aliyempokea Nairobi hakuficha kwamba kuchelewa kule kuliupa ugonjwa nafasi ya kutambaa.

Swali la shangazi ndilo mada yetu. Kila siku tunasikia habari za mashine mpya ya kugundua saratani, na habari hizo ni njema. Ila kipimo si mashine peke yake. Kipimo ni safari nzima, tangu mwanamke atoke mlangoni kwake mpaka alipate jibu na tiba. Safari hiyo ina gharama katika kila kituo, na aghalabu hukatika pale ambapo haikujulikana ni nani wa kulipa.

Kitui ilitangulia

Saratani ya mlango wa kizazi ina sifa moja ambayo saratani nyingi hazina: chanzo chake kinajulikana. Katika miaka ya 1983 na 1984, mwanasayansi wa Ujerumani Harald zur Hausen na wenzake walivitambua virusi vya HPV vya aina ya 16 na ya 18 katika uvimbe wa saratani hiyo, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi duniani. Chanzo kilipojulikana, ikawezekana kutengeneza chanjo, na ikawezekana pia kumtafuta adui kabla hajabomoa nyumba.

Wachache wetu pwani wanajua kuwa kabla ya chanjo hiyo kutufikia, ilijaribiwa kwanza Kitui. Mwaka 2013 serikali, ikisaidiwa na shirika la Gavi, iliichagua kaunti hiyo iwe mahali pa majaribio, na mabinti wa shule za msingi wakachanjwa huko. Ilichukua miaka sita hadi Oktoba 2019 ndipo chanjo ikazinduliwa kwa nchi nzima, na uzinduzi wenyewe ukafanywa hapa kwetu Mombasa. Mabinti wale wa Kitui leo ni wanawake wazima, na baadhi yao ni mama.

Lakini chanjo humkinga zaidi binti ambaye bado hajakutana na virusi. Mama yake, shangazi yake na dada yake mkubwa, ngao yao ni kupimwa. Na hapo ndipo tulipolegea. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2020 wanawake takriban 5,200 nchini Kenya waligunduliwa kuwa na saratani hii, na zaidi ya 3,200 walifariki kwayo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 30 hadi 49, ni 16 tu waliowahi kupimwa hata mara moja. Tukumbuke pia kuwa maradhi haya hayana haraka: kwa mwanamke mwenye kinga imara ya mwili huchukua miaka 15 hadi 20 tangu virusi vikae mpaka saratani itokee. Tumepewa muhula mrefu, nasi tunauacha upite.

Vipimo vitatu

Cha kwanza na cha bei nafuu ni kipimo cha siki. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, akangoja kama dakika moja, akatazama. Mahali penye dalili mbaya hugeuka peupe. Jibu hutoka papo hapo na hakihitaji umeme wala maabara. Kasoro yake ni kuwa chategemea jicho, na jicho la muuguzi aliyechoka si sawa na la aliyepumzika.

Cha pili ni kile kinachojulikana kwa jina la Pap, ambapo seli hukwanguliwa na kutazamwa kwa darubini. Ni kizuri, lakini kinataka maabara na mtaalamu wa kuzisoma, na wataalamu hao ni haba nje ya miji mikuu.

Cha tatu ndicho kipya zaidi: kukitafuta kirusi chenyewe cha HPV. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo hiki kitangulizwe mbele ya vingine kwa wanawake kuanzia umri wa miaka 30, kirudiwe kila baada ya miaka mitano hadi kumi. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi huanza mapema zaidi, wakiwa na miaka 25, na hukirudia kila miaka mitatu hadi mitano.

Kipimo hiki kina faida moja inayowahusu sana mama zetu. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe: hupewa kijiti chenye brashi au pamba, akaingia faraghani, akajipangusa ndani, akakirudisha. Hakuna wa kumtazama. Yule aliyekaa miezi mitano akiona haya, kama shangazi yetu, angeliweza kupimwa na sitara yake ikabaki. Lakini mwenye dalili tayari, kama vile kutokwa na damu, asitosheke na kijiti. Amwone daktari mara moja.

Biashara iliyo nyuma ya kipimo

Sasa tuje kwenye pesa. Mashine moja inayoweza kukitafuta kirusi cha HPV kwa muda wa saa moja hivi ni GeneXpert, ile ile iliyoenezwa katika hospitali za serikali kwa ajili ya kifua kikuu. Mtu atasema basi kazi imekwisha, mashine tunazo. Lakini kila sampuli hutaka katriji yake, nayo hutumika mara moja ikatupwa. Ni kama mtu aliyekuuzia jiko la gesi kwa bei rahisi huku akijua kuwa mtungi utaununua kwake maisha yako yote. Mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya wanaharakati kupiga kelele, katriji ya kifua kikuu iliteremshwa kutoka karibu dola 10 hadi dola 7.97 kwa nchi zenye kipato kidogo. Ya HPV ina bei ya juu kuliko hiyo.

Isitoshe, katriji za HPV hutakiwa kuhifadhiwa mahali pasipozidi nyuzi joto 28. Anayezijua Mutomo na Kyuso wakati wa jua kali atafahamu maana yake: stoo lazima ipozwe, umeme lazima uwepo, na tarehe ya mwisho ya matumizi haimngoji mtu. Kaunti ikinunua nyingi zikaharibika, ni hasara. Ikinunua chache, mama aliyetoka mbali anaambiwa arudi mwezi ujao. Na muuzaji naye, asipoona mnunuzi wa hakika anayelipa kwa wakati, hupeleka mali yake kwingine. Hatumlaumu kwa hilo, maana ndivyo biashara ilivyo. Lawama ni yetu tukidhani kuwa soko pekee litamfikisha mgonjwa wa kijijini kwenye tiba.

Tumewahi kulipia somo hili kwa bei ghali. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliingia mkataba wa kukodi vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na nne za kitaifa. Miongoni mwa vifaa hivyo zilikuwemo mashine za kupiga picha ya matiti. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, kisha milioni 200. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Fatuma Dullo ilipochunguza, iligundua kuwa baadhi ya vifaa vilikaa bila kazi, hapa pamekosekana umeme, pale maji, kwingine mtaalamu. Kodi ililipwa, na wagonjwa wakaendelea kupanda mabasi kwenda Nairobi.

Huko ng'ambo nako mambo yana mizani yake. Marekani kunauzwa kipimo cha damu kinachodai kuzinusa saratani nyingi kwa mpigo mmoja, kwa dola 949. Kwa mkulima wa pojo wa Mwingi hiyo ni hadithi ya peponi. Sisi hatuibezi elimu hiyo. Huenda siku moja ikashuka bei. Ila leo siki ya dakika moja inayofuatwa na tiba itaokoa watu wengi zaidi kuliko damu ya dola mia tisa.

Tusiulize bei ya mashine

Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya mwaka 2019. Katika eneo kama hilo, gharama kubwa ya mwanamke mara nyingi huwa nauli, siku ya kazi iliyopotea, na safari ya pili na ya tatu ya kufuata jibu. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kupima na kutibu siku hiyo hiyo inapowezekana. Leo kipo kifaa kidogo cha kushikwa mkononi, chenye betri, kinachounguza kwa joto seli zilizoanza kuharibika kabla hazijawa saratani. Mwanamke hutibiwa kwa dakika chache, akarudi nyumbani.

Jirani yao Makueni waliwahi kuonyesha kuwa gharama zikichangiwa na wengi huwa nyepesi. Kuanzia mwaka 2016, mpango wao wa MakueniCare uliitaka kila kaya itoe shilingi 500 kwa mwaka ili itibiwe katika hospitali za kaunti. Huo haukuwa muujiza, na mpango wenyewe ulikuwa na mipaka yake. Lakini ulimwondolea mtu hofu ya kuulizwa pesa mlangoni, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi wakae na maradhi nyumbani.

Kwa hivyo, wasomaji wetu, tuna nasaha nne.

Kwanza, kila mama aliyefika miaka 30 aende akapimwe hata kama hana maumivu. Maradhi haya hayaumi yanapoanza. Binti wa miaka kumi naye apelekwe akachanjwe.

Pili, ukikatwa kipande cha nyama, usiondoke kabla hujauliza: kinapelekwa wapi, nani anakipeleka, nani analipa, bima inabeba kiasi gani, jibu litatoka siku gani, na nimpigie nani likichelewa. Andika majibu. Maswali haya sita yangelimwokolea shangazi yetu wiki saba.

Tatu, waume tuwe na insafu. Mke akiambiwa ana HPV, hajaambiwa ana saratani. Kwa watu walio wengi mwili huviondoa virusi hivyo wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Wala jibu hilo si ushahidi wa uzinifu, kwani virusi hivi vinaweza kukaa kimya miaka mingi tangu kabla ya ndoa, na pengine mume ndiye aliyevileta. Nyumba isivunjwe kwa karatasi ya maabara iliyosomwa vibaya.

Nne, vikundi vyetu vya akina mama na kamati zetu za misikiti, ambazo huchanga kwa mazishi na kwa harusi bila kusukumwa, zichange pia kwa safari ya kupimwa. Basi moja la kuwapeleka wanawake 30 hospitalini na kuwarudisha ni sadaka ambayo matunda yake tutayaona tukiwa hai. Na wale tulio na uwezo wa kusema na wawakilishi wetu, hapa pwani na huko bara, tusiwaulize mashine ngapi zimenunuliwa. Tuwaulize ni wanawake wangapi waliopimwa, wangapi waliopata jibu, na wangapi waliotibiwa. Mjumbe asiye na tarakimu hizo tatu bado hajafanya kazi.

Shangazi sasa ana desturi mpya. Kila mwanamke anayemzuru humkaribisha kahawa chungu na kumuuliza kama amepimwa. Akijibiwa bado, haihubiri. Huingiza mkono katika pindo la leso yake, akamtolea nauli.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atuwezeshe kuwahi kabla ya kuchelewa. Amin.