Waliyoniambia Nikingoja Majibu

Mwaka jana, wakati wa kusi, mume wangu alichukuliwa kinyama cha tezi dume cha kupimwa saratani katika hospitali moja ya Mombasa, tukarudi Malindi kungoja. Tulingoja siku 18. Majibu yalikuwaje, sitasema. Ni siri yake, na ruhusa aliyonipa ni ya kuandika habari ya kungoja tu. Tena najua msomaji akishayajua atayatumia kunihukumu: yakiwa mazuri atasema nilijisumbua bure, yakiwa mabaya atasema moyo wangu ulishaniambia. Moyo wangu haukuniambia kitu. Uliogopa, nao haukujua zaidi ya nilivyojua mimi.

Siku zile watu walikuja, na kila aliyekuja aliacha neno. Karibu wote walikusudia kunituliza. Lakini maneno mengine yalinikosesha usingizi kuliko ugonjwa wenyewe, na najua leo hii yuko mwanamke Mambrui, Gede au Takaungu anayeambiwa yayo hayo. Kwa ajili yake nayajibu.

"Majibu yakikawia, jua ni mabaya." Aliyelisema ni wifi yangu, siku ya tisa, tukichambua mchele. Katika yote niliyoambiwa, hili ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu lilizigeuza siku zenyewe kuwa ushahidi. Kila kulipokucha bila simu, niliona hukumu imesogea.

Nilipokuja kuelezwa kazi inayofanywa maabara, nilitamani ningejua tangu siku ya kwanza. Kinyama hakisomwi kikiwa kibichi. Tezi dume kwa kawaida huchomwa sindano mara 10 hadi 12, na kila sindano hutoka na uzi mwembamba wa nyama. Nyuzi hizo hutiwa kwenye formalini ili zisioze. Zikishakaa humo, hukaushwa maji kwa alkoholi, kisha huzamishwa katika nta iliyoyeyushwa na kuachwa zigande. Nta ile hukatwa vipande vya unene wa mikroni 3 hadi 5, na unywele wa mtu ni mnene zaidi ya hapo mara 10 na kupita. Vipande hupakwa rangi, zambarau na waridi, ndipo daktari wa patholojia anapoviweka chini ya darubini. Akiona kitu kinachomtatiza huagiza rangi nyingine maalumu, na siku zinaongezeka. Madaktari wa fani hii ni wachache Kenya nzima, wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Kinyama cha mtu wa Malindi kinapanga foleni pamoja na vya watu wa Kwale, Lamu na Tana River.

Jibu jema na jibu baya hupita njia hiyo hiyo moja. Saratani haiikawizi nta kuganda. Kwa hiyo kabla hujatoka hospitali uliza mambo matatu: majibu yatatoka tarehe gani, nani atapiga simu, na simu isipokuja tumpigie nani. Sisi hatukuuliza. Nilipiga siku ya kumi, nikajibiwa kwa ukali, lakini nilipewa tarehe. Usiku ule nililala hadi adhana ya alfajiri.

Mzee mmoja alimwambia mume wangu barazani: "Mngekiacha. Nyama ikiguswa chuma, saratani hutawanyika." Naelewa neno hili limetoka wapi. Watu wa kwetu wamemwona fulani amekatwa, na baada ya miezi mitatu wakamzika. Wasichokiona ni kwamba fulani alifika hospitali ugonjwa umeshaenea, baada ya mwaka mzima wa habasoda na kombe. Kisu kilimkuta huko. Kwa tezi dume, uwezekano wa seli kufuata njia ya sindano ni mdogo mno. Hatari ya kweli ni maambukizi, na ndiyo sababu mtu hupewa antibiotiki. Akipata homa au kushindwa kukojoa arudi hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Damu kwenye mkojo kwa siku chache ni kawaida. Damu kwenye manii huweza kuonekana kwa wiki kadhaa, nayo pia ni kawaida. Hili la mwisho hakuna aliyetuambia, labda kwa kuona haya, na sisi tukatetemeka kwa siku mbili kwa haya ya mtu mwingine.

Wengine walisema kipimo cha damu kinachoitwa PSA, alichopimwa kabla ya kinyama, kimeshatoa jibu. Hakijatoa. PSA hupanda kwa tezi kuvimba na umri, hupanda kwa maambukizi. Katika wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10 wanaochukuliwa kinyama, hukutwa na saratani mmoja hivi katika wanne. Kama kipimo kingekuwa kimemaliza, kinyama kingechukuliwa cha nini?

Kisha lile ambalo halikusemwa kwa mdomo, lilionekana machoni: akiambiwa ni saratani, amekwisha. Wakenya tuna sababu ya kuamini hivyo. Mwezi wa Julai 2019 tulimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, aliyefariki tarehe 1. Tarehe 26 akafariki mbunge wa Kibra, Ken Okoth. Tarehe 29 gavana wa Bomet, Joyce Laboso. Wote watatu saratani, ndani ya mwezi mmoja. Tangu hapo neno lenyewe likawa sanda, na kwetu wengi hawalitamki, husema "ugonjwa ule", kama kwamba ukiitwa jina utaitika.

Lakini neno moja linabeba magonjwa mengi. Desmond Tutu aligunduliwa saratani ya tezi dume mwaka 1997, akafariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Mandela alitibiwa saratani hiyo hiyo mwaka 2001 na akaishi hadi 2013, akafika miaka 95. Profesa Anyang' Nyong'o aliutangazia umma ugonjwa wake akiwa waziri wa huduma za matibabu; mwaka 2017 akachaguliwa gavana wa Kisumu, na 2022 akachaguliwa tena. Uingereza walifuatiliwa wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema, wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa mionzi, wengine wakaangaliwa tu kwa vipimo. Baada ya miaka 15, waliokuwa wamekufa kwa saratani hiyo walikuwa wapata 3 katika kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana. Walikuwa karibu wote weupe, na sisi weusi hatari yetu ni kubwa zaidi, kwa hiyo siwaletei hesabu ile kama ahadi. Ninachosema ni kwamba mtu akiambiwa "saratani", swali linalofuata ni "ya daraja gani, na imefika wapi?" Kaburi si swali la siku hiyo.

Atasema mtu: hao walikuwa na uwezo. Kweli, na hapo ndipo hofu yangu ilipokuwa na akili. Bima ya afya ya NHIF ilipisha SHA Oktoba 2024, na siku ya kumi na moja nilikwenda kuhakikisha michango yetu imelipwa na majina yako sawa. Hofu iliyopewa kazi ya kufanya hupungua sauti.

Sasa hili la imani. Baada ya darsa, mwenzangu mmoja alinishika mkono akaniambia kwa upole kuwa hofu yangu ni upungufu wa tawakkul, yaani kumtegemea Mungu. Nililia njia nzima hadi mtaa wa Shela. Jirani yangu Mgiriama, mama wa kanisa, aliniambia naye aliwahi kuambiwa vivyo hivyo na wenzake mumewe alipokuwa hospitali Kilifi. Kwa hiyo hili ni la wote.

Nabii Yaqub alimlilia mwanawe hadi macho yakawa meupe kwa huzuni, na Qur'ani haikumtoa katika wenye subira njema. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi akiwa amempakata mwanawe Ibrahim katika roho yake ya mwisho. Jirani yangu naye akanikumbusha Yesu kule Gethsemane, aliyeomba kikombe kimwepuke hali jasho linamtoka kama matone ya damu. Ni nani wa kuwaambia hawa kwamba imani yao ilipungua? Tawakkul, alivyofundisha Mtume, huja baada ya kumfunga ngamia, na anayefunga kamba usiku mikono humtetemeka. Hofu iko mwilini. Imani ni unachofanya nayo inapokuwa mwilini.

La mwisho ni lile la kila siku: "Wewe huumwi. Kaza moyo, umpe nguvu." Sikuwa naumwa, lakini moyo ulinidunda usiku hadi nikausikia kwenye mto. Wali uliungua mara mbili. Nilisahau jina la mwalimu wa mjukuu wangu. Nilikaza moyo kama nilivyoambiwa, nikawa nalia jikoni na kuosha uso kabla ya kupeleka chai. Siku ya kumi na mbili mume wangu aliniambia, "Nami pia silali. Nakusikia ukiamka." Kumbe kila mmoja alikuwa akimficha mwenziwe kitu kimoja. Tangu usiku ule tuliogopa pamoja, na ilikuwa nyepesi zaidi.

Kate Sweeny, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, aliwafuatilia wahitimu 230 wa sheria waliokuwa wakingoja matokeo ya mtihani kwa miezi minne. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2016 ni kwamba mbinu walizojaribu ili wasihangaike hazikuwatuliza sana. Na wale waliohangaika kweli kweli waliyapokea majibu vizuri zaidi, yakiwa mema au mabaya, kuliko waliojifanya hawana wasiwasi. Utafiti wake mwingine uliona kuwa kungoja hupita kwa nafuu mtu akizama katika kazi inayomkamata akili.

Mavyaa wangu hajasoma hayo, lakini amekuwa mke wa mvuvi miaka 50. Mashua ikichelewa wakati wa kusi alisuka ukili. Mimi nilitoa kofia ya vito niliyoiacha nusu tangu Ramadhani. Tundu moja, sindano, tundu la pili. Ukiwaza mengine unakosea. Mume wangu alishinda pwani akikalafati mashua za watu. Simu niliiweka chumbani kwa binti yangu ifikapo isha, kwa sababu mtandao saa nane za usiku hauna habari njema kwa mtu. Na kama usingizi umekatika wiki mbili, chakula hakishuki, au umeanza kuona heri ufe wewe kwanza, nenda zahanati ukaseme hivyo hivyo. Mke wa anayengoja naye ana haki ya daktari.

Siku ya kumi na nane mavyaa, na miaka yake 80 na kitu, alipanda nasi matatu ya Mombasa akiwa na chupa ya chai na daftari la mjukuu. Daktari alipozungumza, mimi nilisikia nusu. Binti yangu aliandika yote. Kama jirani yako anangoja majibu, muulize siku yake ni lini, kisha siku hiyo nenda naye.