Mwigizaji Akihama, Lugha Humbakia Nani?

Davis Mwabili alisifika katika Vioja Mahakamani ya KBC akiwa Inspekta Mwala. Baadaye alihamia Citizen, na jina hilo likawa kipindi kizima. Uingereza ilikuwa kinyume: mwaka 2016 shindano la uokaji la The Great British Bake Off lilipotangazwa kuhama BBC kwenda Channel 4, watatu kati ya nyuso zake nne walikataa kulifuata. Huko jina lilihama bila watu; kwetu mtu alihama na jina lake.

Hata hivyo, Mwala hakuweza kuihamisha mahakama. Watoto wengi wa Kaloleni, Jericho na Dandora, ambao mtaani husema Sheng, walijifunzia pale maneno kama mshtakiwa, kizimba na kiapo, tena kwa kicheko, bila kiboko. Wanaisimu huiita lugha hiyo sajili, nayo hudumu pale tu inapotumiwa.

Mwigizaji kutafuta riziki si kosa. Kosa ni letu walimu, tulioiachia televisheni kazi ya darasa. Basi tuwape wanafunzi kesi waigize: huyu hakimu, yule shahidi. Stesheni zitanunuliana vipindi. Lugha tusikubali ibaki yatima.