Eti Mtendaji wa Kata Hachoki

Eti mtumishi wa ofisi ya kata hawezi kuchoka akili, kwani kazi yake ni kukaa na kugonga mihuri. Asemaye hivyo aende Mabamba, wilayani Kibondo, mpakani na Burundi, akatazame kazi ya mtendaji. Huyo huyo ni katibu wa kamati ya maendeleo ya kata, mlinzi wa amani, mdaiwa wa hesabu za mashine za kukusanyia mapato, na msuluhishi wa ng'ombe walioingia kwenye mihogo ya watu. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia kwa maelfu, wengine walivukia hapo kabla ya kupelekwa kambini. Katikati ya hayo simu inalia: wilayani wanataka taarifa kabla ya saa nane. Mihuri ndiyo nafuu yake.

Wengine husema haya ya kuchoka akili kwa kazi ni mambo ya Wazungu. Kweli, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliyaandika New York mwaka 1974. Lakini alikuwa akiwaeleza wahudumu wa kliniki ya bure, waliolemewa na shida za wanaokuja mlangoni. Wahudumu hao wangemwelewa mtendaji wa mpakani haraka kuliko baadhi ya mabosi wake.

Wapo wasemao: "Ni uvivu tu." Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kuwa si ugonjwa, bali zao la msongo wa kazini usiodhibitiwa: nguvu huisha, moyo hujitenga na kazi, na mtu hujiona hafanyi lolote la maana. Mvivu hana moyo wa kujitenga, hakuuweka kazini tangu mwanzo.

Hoja ngumu zaidi ni ya likizo: ana siku 28 kwa mwaka, apumzike. Zipo, sikatai. Ila asipokuwapo kaimu, anaondoka na simu ileile, mgogoro wa shamba unamfuata nyumbani Kasulu, naye akirudi anakuta kiporo cha mwezi mzima mezani. Hapo amehamisha ofisi, hajapumzika.

Wanaoshauri maombi sina ugomvi nao. Ila sala haijazi nafasi ya mtendaji wa kijiji iliyo wazi, ambayo kazi yake humwangukia mtendaji wa kata.

Kaimu aandikiwe barua kabla ya likizo kuanza na simu za ofisi zielekezwe kwake. Na taarifa ya robo mwaka, ambayo tarehe yake inajulikana, isiagizwe asubuhi ya siku inapotakiwa.