Injini Inapogonga Mlimani

Mkulima mmoja wa upande wa Naivasha alipakia kabichi katika pikapu yake kuukuu, akashika njia ya Nairobi kabla ya mapambazuko. Alipoanza kupanda mlima kuelekea Limuru alisikia sauti chini ya boneti, mfano wa changarawe zinazotikiswa katika mkebe. Alidhani ni kitu kilicholegea tu, akazidi kukanyaga mafuta ili aumalize mlima. Punde injini ilipungua nguvu, moshi wa buluu ukatoka nyuma, motokaa ikasimama. Fundi alipofungua kichwa cha injini alikuta pistoni moja imetoboka juu. Kabichi ziliuzwa kando ya njia kwa bei ya kutupa, na faida ya msimu ikaishia gereji.

Sauti ile mafundi huiita kunoki, yaani injini kugonga. Yafaa kila mwenye motokaa aijue, maana huonya mapema, tena haimtaki mtu awe fundi ndipo aisikie.

Watu wengi hudhani kwamba petroli hulipuka ndani ya silinda kama baruti. Sivyo hata kidogo. Pistoni inapopanda huushindilia mchanganyiko wa hewa na petroli, na kabla kidogo haijafika juu, plagi hutoa cheche. Moto huanzia penye plagi, ukaenea kwa taratibu yake kama moto wa mbugani unaosukumwa na upepo, mwendo wa mita 20 au 30 hivi kwa sekunde, na gesi zinazopanuka huisukuma pistoni chini bila kishindo. Walakini kuna sehemu ya mchanganyiko iliyo pembeni kabisa, ambayo moto bado haujaifikia. Hiyo hubanwa na gesi zinazowaka, joto lake likazidi. Na ikipita kiasi huwaka yenyewe, yote kwa mara moja. Hapo ndipo kishindo hutokea. Gesi hutetemeka kama mara 6,000 au 7,000 kwa sekunde, na mtetemeko huo ukipita katika vyuma ndio ile sauti ya changarawe.

Lakini ubaya hauko katika sauti. Juu ya pistoni huwapo utando mwembamba wa gesi isiyo na joto sana, nao huikinga. Mtetemeko huufagia utando huo, joto kali likaingia moja kwa moja katika pistoni ya alumini, madini ambayo huyeyuka penye digrii 660 za sentigredi tu.

Kosa hili lina ndugu yake mbaya zaidi: mchanganyiko kuwaka kabla ya cheche. Masizi yaliyoganda ndani, au plagi ya aina isiyoifaa injini hiyo, huwa jekundu kama kaa la moto, yakawasha petroli wakati pistoni ingali inapanda. Injini basi hushindana na nafsi yake. Kugonga kwa muda mrefu huzidisha joto, joto huleta kaa hilo, na pistoni hutoboka kwa dakika chache. Ikiwa injini ya kabureta inakataa kunyamaza baada ya swichi kuzimwa, mwenyewe ashuku joto la kupita kiasi au masizi.

Hapo zamani wataalamu waliliwazia jambo hili sana. Mwaka 1921, huko Dayton katika Marekani, Thomas Midgley na wenzake wa kampuni ya General Motors waligundua kwamba risasi kidogo iliyotiwa katika petroli kwa njia ya kikemia huzuia kugonga. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka 1924 wafanyakazi waliotengeneza dawa hiyo walikufa kwa sumu yake, na bado dunia iliendelea kuitumia kwa miaka mingi, ikavuta risasi hewani pamoja na watoto wake. Ilikuwa bei kubwa mno kulipia injini tulivu. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha mnamo mwisho wa mwaka 2005. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa motokaa, iliiacha mwaka 2021.

Nguvu ya petroli kustahimili kubanwa bila kujiwakia hupimwa kwa namba ya okteni. Namba hiyo haisemi kwamba petroli ina nguvu zaidi, ijapokuwa wauzaji wengine hupenda ifikiriwe hivyo. Injini isiyohitaji namba kubwa haipati faida kwa kupewa.

Mafuta ya taa yana okteni ndogo sana. Basi anayeyachanganya na petroli ili apate faida huuza uharibifu. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake isiwavutie wachanganyaji. Yule mkulima alikuwa amenunua mafuta ya rahisi kutoka pipa la njiani. Fundi aliyapaka kiganjani: petroli safi hukauka upesi, lakini haya yalibaki na utelezi na harufu ya koroboi.

Yako mengine ambayo dereva hayafikirii. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyepesi. Kwa hiyo silinda hujaa kidogo na injini haigongi upesi. Fundi wa huko akiiwahisha cheche ili motokaa ya zamani ipate wepesi, mwenyewe hataona kosa lolote mpaka ateremke Mombasa, penye hewa nzito na joto. Motokaa za siku hizi zina chombo kidogo kilichofungwa ubavuni mwa injini. Kikisikia mtetemeko, huichelewesha cheche. Hicho ni msaada mwema, ila nguvu hupungua na mafuta huliwa zaidi.

Dereva akiisikia sauti hiyo mlimani, aachie mafuta kidogo, abadilishe gia ashuke ya chini, maana injini inayozunguka polepole chini ya mzigo mzito ndiyo inayogonga kuliko zote. Ikiwa haikomi, asimame. Maji ya rejeta yaangaliwe baada ya injini kupoa, wala kifuniko kisifunguliwe ingali moto, maana mvuke wake huunguza uso.